Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: majina na mpangilio wa mafaili na mafolda ya tovuti

Haya maswali nimeyajibu kwa meseji, kwa simu, na mara moja nikiwa nimening'inia kwenye daladala, kwa hiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Nimeanza na ya mtu anayetengeneza ukurasa wake wa kwanza, ya mafundi yako chini.

## Ya kuanzia

1. Kwani jina la faili lina shida gani, si mtu anaangalia ukurasa wenyewe?

Anaangalia ukurasa ndio, ila anaufikia kwa jina. Kwenye kompyuta yako jina ni kibandiko tu, unabofya mara mbili faili linafunguka hata kama linaitwa "kazi ya jumanne MPYA (2)". Kwenye tovuti jina ni anwani. Ukiwa na faili vyumba.html ndani ya folda gesti, basi watu wataandika jina la tovuti yako halafu /gesti/vyumba.html, na hiyo anwani itachapwa kwenye bango, itasomwa kwa simu, itatumwa WhatsApp kwa shangazi. Na anayeipokea, yaani seva (kompyuta inayotunza tovuti na kuwapa watu kurasa), anasoma herufi kwa herufi, hakisii kwamba "huyu atakuwa alimaanisha kile".

Ukitaka jibu fupi la ukurasa huu wote: herufi ndogo tupu, namba, kistari katikati ya maneno, nukta moja tu kabla ya mkia (ile .html au .jpg ya mwisho). Mengine yote hapa chini ni sababu.

2. Kwa nini ukurasa wa kwanza lazima uitwe index.html?

Mtu akiandika jina la tovuti tu bila kutaja faili, seva inaingia kwenye folda na kutafuta faili ambalo imeambiwa ndilo la mapokezi. Kwenye Apache, programu ya seva inayotumika sana, mpangilio huo unaitwa DirectoryIndex, na mara nyingi umewekwa index.html au index.php. Ukiita home.html au mwanzo.html seva haina habari nalo. Hapo moja kati ya mawili, ama itakukatalia na 403 (huruhusiwi kuingia), ama itamwaga orodha ya mafaili yako yote hadharani kama fungu la mitumba, kila mpita njia achague.

Kuna mtego hapa. Kama folda moja ina index.html na index.php, itafunguka ile iliyotajwa kwanza kwenye mpangilio wa seva. Watu wengi wanafunga WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) halafu wanashangaa bado inaonekana "tovuti inakuja hivi karibuni", kumbe lile index.html la zamani bado limekaa mlangoni. Lifute.

3. Nimeandika kodi (yaani code, maagizo ya ukurasa) vizuri kwenye Notepad, nimesevu index.html, lakini nikifungua naona kodi zenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu faili lako linaitwa index.html.txt. Notepad imeongeza .txt yake, na Windows kwa kawaida inaficha mikia ya mafaili kwa hiyo wewe unaona index.html tu na unaapa kwamba uko sahihi. Fungua File Explorer, nenda View, washa ile ya kuonyesha mikia ya majina, halafu ondoa .txt. Uache imewashwa siku zote, mtu anayetengeneza tovuti huku mikia imefichwa ni kama anaendesha usiku bila taa.

4. .htm au .html? .jpg au .jpeg?

Zote sawa. .htm ni masalia ya enzi za DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani, kabla ya Windows) ambapo mkia haukuruhusiwa kuzidi herufi tatu. Chagua moja uifuate kila mahali, maana kwa seva picha.jpg na picha.jpeg ni mafaili mawili tofauti.

## Kuyapa majina

5. Picha zinaonekana vizuri kwenye laptopu yangu, nikipandisha kwenye hostingi (seva ninayokodi) hazionekani. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali namba moja, na mara tisa kati ya kumi jibu ni herufi kubwa na ndogo. Windows inachukulia Chumba.JPG na chumba.jpg kuwa kitu kimoja, Mac pia kwa mpangilio wake wa kawaida. Hostingi nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux hao ni watu wawili wasiojuana. Kamera yako imeandika DSC_0231.JPG, wewe kwenye kodi umeandika dsc_0231.jpg, laptopu ikakusamehe, seva haikusamehe.

Mimi limenikuta mwaka wangu wa kwanza. Nilitengeneza tovuti ya gesti, picha kama arobaini, kwangu zinang'aa, nikapandisha usiku na asubuhi nikaenda kwa mwenye gesti kumwonyesha kwenye simu yake, kwa kujiamini kabisa, nikafungua, viboksi vyeupe mwanzo mwisho. Mzee akashusha miwani akaniuliza kama vyumba vimehama. Nilikaa pale mapokezi saa nzima nabadilisha majina moja moja kwenye simu, soda yangu imepata joto na yeye anasubiri.

Jinsi ya kuhakikisha: bofya picha iliyovunjika kwa kitufe cha kulia, ifungue kwenye tabu mpya, uisome anwani yake taratibu herufi kwa herufi huku umefungua orodha ya mafaili kwenye hostingi. Tofauti utaiona. Kurekebisha, shusha majina yote yawe herufi ndogo, na kwenye Windows kuna PowerRename ndani ya PowerToys inayofanya hivyo kwa mafaili mengi kwa mkupuo. Halafu kodi nayo uirekebishe ifanane. Kama unatumia Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) soma swali la 20 kabla hujagusa kitu.

6. Nafasi kwenye jina ina ubaya gani? Na kistari cha kati na cha chini vina tofauti?

Anwani haina nafasi, kwa hiyo "bei zetu.pdf" inageuka bei%20zetu.pdf. Inafanya kazi, ila jaribu kumsomea mtu kwa simu "asilimia ishirini". Na ukiiandika kwa mkono kwenye meseji ikiwa na nafasi, linki ya bluu inaishia kwenye "bei", mteja anabofya anapata 404 (ukurasa haupo), anakwambia tovuti yako mbovu.

Kuunganisha maneno bila kitu nako kuna mambo yake. Mgahawa mmoja nilikuta ukurasa wa menyu unaitwa kukukaanga.html. Mwenye mgahawa alimaanisha kuku-kaanga, mimi nikasoma kwamba wana mpango wa kunikaanga. Weka kistari.

Kistari cha chini kinakubalika kiufundi, ila linki ikipigiwa mstari hakionekani, mtu anadhani ni nafasi. Google nao wanashauri kile cha kati kwenye anwani. Alama za kuogopa kabisa ni # na ? kwa sababu brauza inazisoma kama maagizo: faili likiitwa bei#1.html, kinachoombwa kwa seva ni "bei" tu, kuanzia # kwenda mbele hakifiki huko. Ongeza % na & kwenye hiyo orodha, na mabano ya "(1)" ambayo kompyuta inaweka yenyewe ukipakua kitu mara ya pili.

7. Nina maneno yenye ng', kama ng'ombe na Ng'ambo. Niandikeje?

Kiswahili kina bahati, herufi zetu zote ni za kawaida, inayosumbua ni hii alama ya ng' tu. Na shida ni kwamba haiko moja. Kuna iliyonyooka ' na kuna iliyopinda ’ ambayo Word na baadhi ya simu zinaiweka zenyewe bila kukuuliza. Kwa macho zinafanana, kwa seva ni vitu tofauti, ile iliyopinda kwenye anwani inakuwa %E2%80%99. Iliyonyooka nayo ina vurugu zake: ukiandika url('ng'ombe.jpg') kwenye CSS (kodi ya mwonekano wa ukurasa), kompyuta inaona jina limeishia kwenye "ng". Ukiandika rm ng'ombe.jpg (amri ya kufuta) kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, inakaa inakusubiri ufunge alama, na wewe unakaa unaisubiri yenyewe.

Andika ngombe.jpg. Najua inauma, mwalimu wa Kiswahili angekupiga mstari mwekundu, lakini jina la faili sio insha. Kwenye kichwa cha habari na kwenye maelezo ya picha ndipo uandike ng'ombe kama inavyotakiwa, huko hakuna tatizo lolote.

Wenzetu wa Goma na Bujumbura wenye majina ya Kifaransa, dawa ni hiyo hiyo, é iwe e. Herufi hiyo inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama e na kialama pembeni, zote zinaonekana é, na utatafuta kosa mpaka jua lizame.

8. Majina yawe Kiswahili au Kiingereza?

Kurasa anazoziona mteja, Kiswahili, kama wateja wako ni Waswahili: bei.html, mawasiliano.html. Mafolda ya ndani ya ufundi (css, js) acha yalivyo kwa sababu kesho atakuja fundi mwingine na amezoea hivyo. Kosa ni kuchanganya. Nimefungua tovuti ina picha, images, img na Photos, zote nne zina picha, na hakuna aliyekumbuka ipi ni ipi.

Na ngeli zinatusumbua, tusidanganyane. Ni chumba au vyumba? Mimi nimejiwekea kwamba folda ni wingi na faili ni umoja: vyumba/chumba-cha-familia.html. Wewe weka yako, ila usibadilishe katikati ya safari.

9. Mteja amenitumia picha 60 kwa WhatsApp. Nizipandishe hivyo hivyo?

Hapana bwana. IMG-20240309-WA0012.jpg inasema tarehe iliyofika na namba ya foleni, haisemi kuna nini ndani. Baada ya miezi mitatu mteja anasema "ile picha ya chumba cha juu itoe", utafungua zote sitini.

Ninachofanya: zote zinaingia kwanza kwenye folda inayoitwa ghafi, nje kabisa ya tovuti, hizo sizigusi. Nakopi zile zitakazotumika tu, kawaida kumi na tano hivi, naziangalia moja moja na kuipa kila moja jina la kile ninachokiona:

IMG-20240309-WA0012.jpg inakuwa chumba-juu-dirisha-bahari.jpg
IMG-20240309-WA0013.jpg inakuwa chumba-juu-bafu.jpg
IMG-20240309-WA0031.jpg inakuwa mapokezi-usiku.jpg

Neno kubwa linatangulia, la kufafanua linafuata, kwa hiyo zikipangwa kwa alfabeti picha za chumba cha juu zinakaa pamoja zenyewe. Na omba akutumie kama dokumenti sio kama picha, WhatsApp inazibana.

Za iPhone zikija na mkia .heic usibadilishe mkia ukaandika .jpg ukadhani umemaliza. Embe ukilibandika jina la chungwa linabaki embe. Ifungue kwenye programu ya picha uisevu upya kama JPEG.

10. Namba na tarehe niziandikeje?

Anza na sifuri: 01, 02, mpaka 10. Bila hivyo programu nyingi zitaweka 10 kabla ya 2. Tarehe ianze na mwaka, 2024-03-09, zitajipanga zenyewe. 09-03-2024 itakuchanganyia tarehe tisa za miezi na miaka yote.

11. Windows inanikatalia kutengeneza folda inayoitwa "aux". Ina virusi?

Haina virusi. CON, PRN, AUX, NUL, COM1 mpaka COM9 na LPT1 mpaka LPT9 ni majina yaliyowekwa akiba tangu DOS. Linux inayaruhusu, kwa hiyo mwenzako wa Linux akikutumia mradi wenye faili aux.js unaweza kukushinda kulifungua. Mwambie abadilishe.

## Mafolda

12. Nipange mafolda vipi kwa tovuti ndogo?

Hivi inatosha kabisa (public_html ndiyo folda ya tovuti kwenye hostingi):

```
public_html/
  index.html
  bei.html
  mawasiliano.html
  favicon.ico
  robots.txt
  vyumba/
    index.html
    chumba-cha-familia.html
  css/
    mtindo.css
  js/
    menyu.js
  picha/
    nembo.png
    vyumba/
    mapokezi/
```

Usichimbe sana. Watu wanatengeneza picha/2024/machi/gesti/vyumba/juu/kubwa/ kwa picha tatu. Kwangu folda inastahili kuzaliwa pale mafaili ya aina moja yamefika kama saba, chini ya hapo jina zuri la faili linafanya kazi hiyo. robots.txt (maelekezo kwa mashine za kutafuta) lazima ikae hapo hapo juu na kwa herufi ndogo, ukiificha kwenye folda mashine za kutafuta hazitaifuata.

13. Hizi nukta mbili na mkwaju, ../ na /, zina maana gani?

Ni maelekezo ya njia. picha/nembo.png bila kitu mbele ni "kuanzia hapa nilipo". ../ ni "toka nje folda moja kwanza". Mkwaju ukianza, /picha/nembo.png, ni "anzia getini kabisa". Kwa hiyo ukiwa ndani ya vyumba/chumba-cha-familia.html, nembo ni ../picha/nembo.png au /picha/nembo.png, zote zinafika.

Ya mkwaju ni nzuri kwa sababu ukihamisha ukurasa haivunjiki, ila ukibofya faili mara mbili kwenye laptopu haifanyi kazi maana "geti" linakuwa mzizi wa diski yako. Tumia seva ya nyumbani kama XAMPP (programu inayoifanya laptopu iwe seva) na mafaili uyaweke kwenye folda yake ya htdocs.

Na ukiona kwenye kodi yako kuna file:///C:/Users/ futa haraka. Hiyo ni njia ya kwenye laptopu yako, wewe utaiona picha, dunia nzima haitaiona. Mkwaju wa Windows \ nao usiutumie kwenye anwani.

14. Nimepandisha faili la zipu (mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja), nimelifungua, tovuti haionekani.

Fungua public_html uone. Karibu hakika kuna public_html/tovuti-yangu/index.html, yaani zipu imefunguka ndani ya folda yake. Ingia humo, chagua vyote, hamishia juu kwenye public_html. Kumbuka na mafaili yaliyojificha (swali la 19).

15. Kwenye WordPress naweza kubadilisha jina la picha kupitia meneja wa mafaili?

Usifanye. WordPress imeandika jina la zamani kwenye hifadhidata, ukibadilisha faili tu umemwacha anamtafuta mtu aliyebadilisha jina bila kuaga. Badilisha kabla ya kupandisha. Na ukiona kwenye wp-content/uploads picha moja imezaa -150x150 na -300x200, na kubwa zaidi ina -scaled, ni saizi ambazo imezitengeneza yenyewe, usizifute kwa kudhani ni takataka.

## Kubadilisha, kufuta na visa vya ajabu

16. Naweza kubadilisha jina la ukurasa ambao uko hewani tayari?

Unaweza, ila anwani ya zamani iko kwenye simu za watu, Google, na pengine kwenye fulana za tamasha. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti yenyewe, alishalisema hili mwaka 1998, kwamba anwani nzuri haibadiliki, na bado tunazivunja kila siku. Kama huna budi, acha kibao cha kuelekeza. Kwenye Apache weka mstari huu ndani ya .htaccess, faili la maagizo kwa seva:

```
Redirect 301 /huduma-zetu-mpya.html /huduma.html
```

Ndio maana usiite kitu "mpya" au mwaka kama hakihitaji. bei-2023.html itakutia aibu mwaka unaofuata, bei.html haizeeki.

17. Nimebadilisha CSS, nimepandisha, sioni mabadiliko.

Brauza yako imetunza ile ya zamani. Bonyeza Ctrl+F5. Kwa wageni wako huwezi kuwabonyezea, kwa hiyo kwenye linki andika mtindo.css?v=2, ukibadilisha tena iwe v=3. Jina la faili halibadiliki ila brauza inaona anwani mpya inaenda kuchukua upya.

18. Nina index-final.html, index-final2.html na index-final-kweli.html. Nifute ipi?

Pole, tumepita wote huko. Linalofanya kazi ni index.html, mengine yahamishie nje ya public_html leo hii. Sababu sio usafi tu. Faili lolote lililoko humo mtu akilijua jina analifungua. bekapu.zip ikikaa pale ni tovuti yako yote pamoja na nywila za hifadhidata inasubiri mtu wa kuipakua, na kuna mashine zinazopita zikijaribu majina kama hayo usiku kucha. Mbaya zaidi ni config.php.bak: ikiishia .php seva inaiendesha, ikiishia .bak inaitoa kama maandishi, kila kitu wazi.

Kutunza matoleo jifunze Git, siku mbili tu. Ukishindwa kabisa basi zipu yenye tarehe ya mtindo wa swali la 10, kwenye kompyuta yako na kwenye diski ya pembeni.

19. Wananiambia nibadilishe .htaccess lakini silioni.

Linaloanza na nukta linafichwa. Kwenye meneja wa mafaili wa cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi) bofya Settings, weka tiki kwenye Show Hidden Files. Humo pia utaona .well-known, usiifute, mara nyingi inatumika kuthibitisha cheti cha https.

20. Nimebadilisha Nembo.png kuwa nembo.png, nimefanya commit (nimehifadhi mabadiliko kwenye Git), lakini kwenye seva bado ni Nembo.png.

Kwenye Windows na Mac, Git inaweza isione kwamba kuna kilichobadilika, kwake ni jina lile lile. Pitia jina la katikati:

```
git mv Nembo.png nembo-muda.png
git mv nembo-muda.png nembo.png
```

Halafu commit. Folda ni hivyo hivyo.

21. Hostingi inasema nimejaza, wakati nimetumia MB 300 tu kati ya GB 5.

Umejaza idadi, sio uzito. Hostingi za kuchangia huwa zinahesabu pia mafaili mangapi unayo, kwenye cPanel angalia mstari wa inodes au File Usage pembeni. Kila faili dogo linahesabiwa, hata la KB 1, na mwizi wa kwanza kumkagua ni node_modules (folda ya vifaa vya JavaScript) iliyopandishwa kwa bahati mbaya, hiyo peke yake inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya mafaili na tovuti ya kawaida ya HTML haiihitaji kwenye seva. Baada ya hapo angalia mafolda ya cache (nakala za muda) ya programu jalizi, na barua pepe za zamani, maana kila barua nayo ni faili.